Nyuki wa Tanga na watu waliobeba vita



Tangu tulipozungumza juu ya ufugaji wa nyuki katika ukurasa huu, wasomaji wengi wameniuliza jambo moja. Je, ni kweli kwamba zamani Wajerumani walifuga nyuki wa vita huko Tanga, wakawafungulia Waingereza wakakimbia?

Nyuki walikuwapo. Hilo ni kweli. Waliuma watu wengi. Lakini hawakufugwa kwa ajili ya vita, wala hawakuwa wa Mjerumani. Tena si wao walioamua nani ashinde. Leo nitaeleza vita hivyo vilivyokuwa. Kisha nitaeleza jambo jingine ambalo wazee hawakulisimulia sana kama walivyosimulia nyuki, nalo ni kubwa kuliko nyuki. Ni habari za watu waliobeba mizigo.

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwaka 1914. Waingereza na Wajerumani walikuwa wanapigana kwao. Lakini kila mmoja alikuwa na makoloni hapa Afrika. Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani. Kenya ilikuwa ya Waingereza. Basi wenyeji wa nchi hizi wakaingizwa katika ugomvi ambao hawakuuanza.

Waingereza walitaka Tanga kwa sababu ya bandari na reli. Reli ile ilitoka Tanga mpaka Moshi, mwendo wa kilomita 350 hivi. Walileta jeshi kutoka India. Meli zilitoka Bombay tarehe 16 Oktoba, 1914. Ndani yake mlikuwa na watu 8,000 hivi, wengi wao Wahindi. Mkuu wao aliitwa Jenerali Aitken. Watu wale walikaa melini zaidi ya wiki 2. Walibanana, wakatapika kwa mawimbi, wakadhoofika. Wengi hawakuwa wamezoezwa vizuri.

Tarehe 2 Novemba manowari moja ya Waingereza, jina lake Fox, ilifika mbele ya mji wa Tanga. Nahodha wake akawaambia wakubwa wa mji wajisalimishe. Fikiri, ndugu msomaji. Unataka kumkamata mwizi wa mahindi shambani, nawe unapiga hodi kwanza! Mkubwa wa Kijerumani alijibu kwa adabu kwamba ni lazima apate shauri la wakubwa wake. Wakati huohuo habari zikapelekwa kwa simu mpaka kwa kamanda wa jeshi lao. Kamanda huyo aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Naye alikuwa upande wa Moshi, penye mwisho wa reli.

Waingereza wakapoteza saa nyingi wakitafuta mabomu baharini, na mabomu hayakuwapo. Usiku wakaanza kushuka Ras Kasone, karibu na mji. Asubuhi ya tarehe 3 waliosonga mbele walipigwa na kikosi kidogo cha askari wakarudi nyuma. Wakangoja wenzao washuke wote. Walipokuwa wakingoja, gari la moshi lilikuwa linaleta askari kutoka Moshi, safari baada ya safari. Lettow-Vorbeck mwenyewe alifika usiku. Akachukua baisikeli, akaenda mpaka pwani akazitazama meli kwa macho yake, zikiwa zimewasha taa. Alikuwa na watu 1,000 hivi tu, wengi wao askari Waafrika. Lakini sasa alijua adui yuko wapi na njia ikoje. Aitken hakutuma watu kwenda kuchungulia nchi vizuri.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4 Novemba, mchana. Jua lilikuwa kali. Waingereza walipita katika vichaka, minazi, mipira na mkonge. Anayelijua shamba la mkonge ajua shida yake. Huoni mbele, na miiba inakuchoma. Vikosi vikapoteana. Hata hivyo baadhi yao, Waingereza wa kikosi kimoja na askari wa Kashmir, waliingia mjini wakapigana nyumba kwa nyumba. Walikuwa hodari.

Hapo ndipo nyuki walipoingia.

Katika miti ya pale mlikuwa na makundi ya nyuki. Risasi zilipiga matawi na mashina. Nyuki wakatoka. Ninyi wafugaji mnajua tabia ya nyuki wetu wa Afrika. Hawapendi kishindo, hawapendi jasho, hawapendi mtikisiko. Nyuki akiuma huacha mwiba wake mwilini mwa mtu. Mwiba ule hutoa harufu, karibu na harufu ya ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaita wenzake waje waume hapohapo. Basi askari aliyeumwa na mmoja, baada ya kitambo alikuwa ameumwa na mia. Kikosi kimoja cha Wahindi, kikosi cha 98, kilitawanyika kabisa kwa sababu ya nyuki.

Lakini nyuki hawana upande. Waliwauma na askari wa Wajerumani. Baadhi ya bombomu zao, yaani bunduki zinazotema risasi mfululizo, zilinyamaza kwa muda kwa sababu wapigaji walikuwa wamevamiwa na nyuki. Hapo ndipo uongo unapoonekana. Baadaye Waingereza walisimulia kwamba Wajerumani walitega mizinga kwa kamba njiani. Kama mtego ungekuwa wao, wangeumwaje wenyewe? Mtu akishindwa na watu wachache hutafuta wa kumsingizia. Mara hii alisingiziwa nyuki.

(Mfugaji mmoja alinibishia hapa. Alisema bunduki za askari wa Wajerumani zilikuwa za zamani, za namna ya mwaka 1871, na zilitoa moshi mwingi. Moshi hutuliza nyuki. Basi, akasema, wao walikuwa wanawarinia nyuki bila kujua! Nilicheka sana. Lakini moshi wa baruti uwanjani si moshi wa mwenge chini ya mzinga. Kazi moja tu moshi ule ulifanya vizuri, nayo ni kumwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji.)

Jioni ile Lettow-Vorbeck aliwapiga Waingereza ubavuni, upande ulio mbali na bahari. Aliweka bombomu zake pale, akapeleka askari wapya walioshuka kwenye gari la moshi. Waingereza wakavunjika, wakarudi pwani. Tarehe 5 wakapanda meli zao. Waliouawa na kujeruhiwa upande wao walizidi 800. Upande wa pili walikufa Wajerumani 16 na askari Waafrika 50 hivi.

Waingereza waliacha pwani mamia ya bunduki mpya, bombomu, mablanketi, na risasi 600,000 hivi. Askari waliokuwa na bunduki za moshi sasa wakapata bunduki safi zisizo na moshi. Kwa mali ile iliyoachwa, vita viliweza kuendelea.

Kati ya Wajerumani waliokufa Tanga siku ile, mmoja jina lake lajulikana sana huko Iringa. Ni Tom von Prince. Watu walimwita Bwana Sakarani. Alikuwa mmoja wa maofisa wa jeshi la Wajerumani lililovunja ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894. Mkwawa hakukubali kukamatwa. Alipigana porini miaka karibu 4 zaidi, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai, 1898. Na yule mmoja wa walioivunja ngome yake alikuja kuanguka Tanga miaka 16 baadaye.

Sasa tuache nyuki.

Vita havikwisha Tanga. Viliendelea miaka 4. Waingereza waliuchukua mji wa Tanga mwezi Julai, 1916, na Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka huo. Wabelgiji kutoka Kongo waliingia Tabora mwezi huohuo wa Septemba. Lettow-Vorbeck akakimbilia kusini, akipigana na kuondoka, akipigana na kuondoka. Vita vikali kuliko vya Tanga vilikuwa vya Mahiwa, katika nchi ya Lindi, mwezi Oktoba, 1917. Huko walipambana askari wa Mjerumani na askari wa Mwingereza kutoka Afrika Mashariki na Nigeria. Waafrika waliuana siku 4 kwa amri za watu wawili waliotoka Ulaya. Kisha Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma.

Je, jeshi lile lilikula nini? Hili ndilo swali la bwana shamba. Vitabu vingi vya vita vinaeleza bunduki na makamanda. Havielezi unga.

Ng'ombe, farasi na punda wangeweza kubeba. Waingereza waliwaleta kwa maelfu. Lakini porini kulikuwa na mbung'o. Mbung'o huleta nagana, na mnyama mwenye nagana hukonda, hutoa machozi, hulegea, hufa. Mwaka 1916 walikufa farasi, nyumbu na ng'ombe makumi ya maelfu. Njia za jeshi zilinuka mizoga. Magari ya motokaa nayo yalizama katika matope wakati wa masika. Basi kikabaki kichwa cha mwanadamu.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu. Huu ni mfano wangu, lakini ndivyo mambo yalivyokwenda.

Mpagazi mmoja hubeba kilo 25. Hula karibu kilo 1 ya unga kwa siku. Askari wako mbali, mwendo wa siku 10. Mpagazi akifika, amekwisha kula kilo 10. Zimebaki 15. Lakini ni lazima arudi, na njiani atakula kilo 10 nyingine. Basi atakazomwachia askari ni kilo 5 tu. Kilo 25 zimetoka nyumbani, kilo 5 zimefika.

Sasa askari 100 wanahitaji kilo 100 kila siku. Ni lazima wapagazi 20 wafike kila siku. Na kila mpagazi hutumia siku 20 kwenda na kurudi. Zidisha 20 kwa 20. Jibu ni 400. Watu 400 wanatembea bila kupumzika ili watu 100 wale ugali. Hapo hatujahesabu risasi, mahema, dawa, wala kumbeba mgonjwa kwa machela. Hatujahesabu mvua wala mto uliofurika.

Ukiielewa hesabu hii, utaelewa kwa nini Waingereza waliwachukua wapagazi wengi kiasi kile. Kwa miaka yote ya vita walifika karibu watu milioni moja. Walitoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, na nchi yetu yenyewe ilipokwisha kutekwa. Wengine walikubali kwa sababu ya mshahara. Wengi walikamatwa. Majumbe waliamriwa watoe idadi ya watu, nao wakatoa vijana, wakatoa na wasio na mtetezi.

Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, wale walioandikwa tu, walizidi 95,000. Karibu nusu yao walitoka Kenya. Linganisha na vita vya Tanga ambavyo husimuliwa mpaka leo. Wapagazi waliokufa ni zaidi ya mara 200 ya Waingereza na Wahindi waliouawa Tanga. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuandikwa hesabu yao ya haki.

Waliuawa na nini? Si risasi. Wachache sana walikufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa kichomi na kwa njaa. Na kuna chanzo kimoja ambacho kila mama wa nyumbani anaweza kukielewa, ingawa madaktari wa jeshi walichelewa kukielewa. Ni ugali usioiva. Watu wengine walikuwa wamezoea ndizi, au mtama, au viazi. Jeshi liliwapa wote unga wa mahindi, tena mara nyingi uliosagwa vibaya. Mtu aliyetembea kutwa nzima na mzigo, akanyeshewa, hana sufuria ya kutosha, hana kuni kavu, hana nafasi, hukoroga unga katika maji ya vuguvugu akaumeza. Unga mbichi uliwakwaruza matumbo. Siku ya pili tena. Siku ya tatu tena. Kisha damu. Madaktari walipojua, waliamuru wapishi wapike kwa pamoja kwenye masufuria makubwa, na hali ikawa nafuu kambini. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa kando ya njia.

Upande wa Wajerumani nao walipata shida ya dawa, maana meli hazikuweza kuwafikia. Pale Amani, katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902. Walikuwa wamepanda miti ya mkwinini. Wakati wa vita walichukua magome yake wakatengeneza dawa ya malaria. Mimi kama mtu wa kilimo napenda kukitaja kituo kile. Mti uliopandwa wakati wa amani uliokoa watu wakati wa vita. Lakini dawa ile ilipewa Wazungu kwanza, kisha askari.

Na chakula cha Wajerumani kilitoka wapi? Kilitoka katika maghala ya wakulima. Kikosi kikipita, mtama uliondoka, ng'ombe waliondoka, vijana waliondoka. Kikosi cha Waingereza kikifuata nyuma, nacho kilitaka chakula katika kijiji kilekile. Shamba lisilo na vijana halilimwi. Mvua zikikosa hapo, hakuna akiba. Ndivyo ilivyokuwa Ugogo. Njaa iliyoanza mwaka 1917 Wagogo waliiita Mtunya, na ilikaa mpaka mwaka 1920. Watu waliuza vyote walivyokuwa navyo, wakahama, wakafa wengi sana. Mbele yangu nina mazoea ya kuwahimiza wakulima wajenge ghala na kuweka akiba ya mtama. Lakini sema kweli: ghala gani ungejenga, ndugu msomaji, ambalo jeshi mbili zenye njaa lisingelifungua?

Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn tarehe 25 Novemba, 1918. Mji huo leo unaitwa Mbala, uko Zambia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha tarehe 11. Yeye alipokelewa kwao Ujerumani kama shujaa. Askari wake na wapagazi wake waliletwa Tabora, na huko ugonjwa wa homa kali ya mafua uliokuwa umeenea dunia nzima ukawaua wengi kabla hawajafika makwao.

Limebaki jambo la fedha. Mpagazi wa Waingereza aliandikwa kwenye daftari na kupewa kibati chenye namba, akivae. Lakini mwandishi hakujua lugha yake. Jina liliandikwa kama mwandishi alivyolisikia. Watu wengine, kwa hofu, walitoa jina lisilo lao. Kijiji kiliandikwa kwa jina la jumbe, na jumbe akifa kijiji hakikujulikana tena. Mtu alipokufa, mshahara wake ulibaki kwenye daftari. Ndugu zake hawakujulikana. Fedha za maelfu ya wapagazi hazikuwafikia wajane wala watoto wao.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji jambo moja. Wazee waliokwenda vita vile wamekwisha kufa wote. Lakini wajukuu wao wapo. Katika vijiji vingi bado utamsikia mtu akisema, "Babu yetu mmoja alichukuliwa na vita vya Mjerumani, hakurudi." Muulize jina lake kamili. Muulize alikuwa mtoto wa nani, alichukuliwa kutoka wapi, na nani alimwona mara ya mwisho. Andika kwenye daftari. Sasa unajua kuandika. Jina lake liandikwe vizuri mara moja.

Watu wengi huenda Dar es Salaam kununua nguo na mbegu sokoni Kariakoo. Jina hilo lilitokana na kambi ya wapagazi iliyokuwa pale. Waingereza walikiita kikosi chao "Kerya Ko," na watu wakalitamka walivyoweza. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la namna hiyohiyo.

Si mbali na soko hilo, katikati ya mji, kuna sanamu ya askari mwenye bunduki, iliyowekwa mwaka 1927. Watu wengi huipita kwa haraka. Chini yake kuna maneno, nayo yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili pia, kwa herufi hizi zetu na kwa herufi za Kiarabu. Wapagazi wametajwa humo. Ukifika mjini, simama kidogo uyasome mwenyewe.